Mkongwe wa timu ya taifa: aachiwe jezi au avuliwe?

MPENZI msomaji, hebu chukua kwamba Jumapili hii wewe ndiwe kocha wa timu ya taifa ya mpira wa vikapu. Jezi unazo 12 tu, wala hutaongezewa hata moja. Wachezaji 11 umekwisha kuwateua na hakuna anayelalamika. Imebaki jezi moja, na nje ya mlango wako wanangoja watu wawili.

Wa kwanza ni barobaro wa miaka 22. Anaruka kama swara na hajui kuchoka ni nini. Wa pili ni mkongwe wa miaka 39. Jina lake linajulikana hata na watu wasiojua sheria moja ya mchezo huo. Magoti yake yamefungwa bandeji, na alianza kuivaa jezi hiyo wakati huyo barobaro alipokuwa chekechea. Je, utampa nani?

Usiwe na haraka ya kujibu. Ukimwacha mkongwe, mashabiki watasema huna shukrani. Ukimwacha kijana, utaambiwa unaiua kesho ya timu kwa kuogopa jina la mtu. Hata hapo nyumbani, ukiliuliza swali hili wakati wa chakula cha mchana, huenda meza ikagawanyika: wazee upande mmoja wakisema utu uzima dawa, na watoto wa sekondari upande wa pili wakisema kila zama na watu wake.

Wote wana haki ya kusema hivyo. Lakini kabla ya kupiga kura, ni vyema tutazame yaliyowapata watu wa kweli. Nimemchagua mmoja ambaye maisha yake yanazipa pande zote mbili hoja. Anaitwa Luis Scola, na ni mzaliwa wa Argentina.

Kijana wa Athens

Scola alizaliwa Aprili 30, 1980, jijini Buenos Aires. Ni pande la mtu, urefu wake mita 2 na zaidi. Alikuwa kijana wa miaka 24 tu Argentina ilipoishangaza dunia katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka wa 2004. Katika nusu fainali waliwapiga Wamarekani kwa pointi 89 kwa 81, kisha katika fainali wakaicharaza Italia 84 kwa 69 na kutwaa nishani ya dhahabu. Scola ndiye aliyefunga pointi nyingi zaidi kwa upande wa Argentina siku hiyo ya fainali.

Kikosi kile kilikuwa na magwiji kama Manu Ginóbili, Andrés Nocioni na Fabricio Oberto. Watu wa Argentina walikipa jina la kizazi cha dhahabu. Miaka minne baadaye, jijini Beijing, walirudi nyumbani na nishani ya shaba.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Mmoja mmoja, wale magwiji walianza kutundika viatu. Mwaka wa 2016, baada ya Marekani kuwatoa katika robo fainali ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Ginóbili na Nocioni waliiaga timu ya taifa. Ilipofika mwaka wa 2019, Argentina ikijiandaa kwenda Uchina kwa Kombe la Dunia, kati ya wale 12 wa Athens alikuwa amebaki mmoja tu kikosini. Naam, ni Scola, naye alikuwa na miaka 39.

Shaka iliyokuwa na msingi

Tuseme kweli, msomaji. Mtu yeyote mwenye kujua hesabu angekuwa na shaka. Scola alikuwa ameiacha ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, miaka miwili kabla, akaenda kuchezea vilabu vya Uchina. Na mwili wa binadamu una kanuni zake. Mchezaji akishapita miaka 30, mbio zake na uwezo wake wa kuruka huanza kupungua. Mishipa na viungo vikiumia huchelewa kupona. Barobaro hulala usiku mmoja akaamka mzima. Mkongwe huamka akishikilia kiuno.

Isitoshe, mashindano ya dunia hayamngojei mtu apumzike. Pale Uchina, timu iliyofika fainali ilicheza mapambano manane kati ya Agosti 31 na Septemba 15. Yaani karibu kila baada ya siku moja unarudi uwanjani kupambana na watu wenye nguvu wenye umri wa miaka 25.

Na hesabu ya jezi ndiyo ngumu kuliko zote. Pambano la kimataifa huchukua dakika 40 na kila timu huwa na watu watano uwanjani. Ukizidisha, unapata dakika 200 za kugawia wachezaji wako wote 12. Kila dakika anayopewa mkongwe ni dakika anayonyimwa kijana. Na kijana naye hajifunzi kucheza na Serbia au Ufaransa kwa kutazama akiwa benchi. Hujifunza kwa kucheza nazo.

Kwa hivyo, wale wanaosema mzee aondoke hawasemi kwa chuki. Wana hoja.

Beijing, Septemba 2019

Sasa sikiliza yaliyotokea. Argentina ilishinda mapambano yake matano ya kwanza. Katika robo fainali ikakutana na Serbia, timu ambayo wengi waliipa nafasi ya kutwaa kombe, ikailaza 97 kwa 87. Katika nusu fainali ikakutana na Ufaransa, ambayo ilikuwa imetoka tu kuwaondoa Wamarekani mashindanoni.

Ufaransa ilikuwa na Rudy Gobert, jitu la mita 2.16, ambaye mwaka huo na mwaka uliotangulia alikuwa ametawazwa kuwa mlinzi bora wa NBA. Ungemuuliza mtu yeyote barabarani angekwambia kwamba mzee wa miaka 39 hana lake mbele ya mlinzi wa aina hiyo.

Lo! Scola alifunga pointi 28 na kudaka mipira 13 iliyogonga chuma na kurudi. Argentina ikashinda 80 kwa 66. Mwili wake haukuweza tena kushindana kwa kuruka na mbio, lakini macho na akili vilikuwa vingali pale pale. Alijua mpira utaangukia wapi kabla haujaanguka. Alijua mahali pa kusimama, wakati wa kutoa pasi, na wakati wa kurusha. Hayo hayafundishwi kwa mwezi mmoja. Mashindano yalipokwisha, Scola aliteuliwa miongoni mwa wachezaji watano bora wa Kombe lile la Dunia.

Ukiishia hapo, utasema kesi imekwisha: mkongwe abaki. Lakini haijakwisha. Siku mbili tu baada ya kuwanyanyasa Wafaransa, Argentina ilicheza fainali na Uhispania. Wahispania walimbana Scola, asipate nafasi ya kupumua. Alifunga pointi 8 tu, na Argentina ikachapwa 95 kwa 75. Mtu yule yule, wiki ile ile, alionyesha kwa nini mkongwe ahitajiwe, na pia kwa nini timu isimtegemee yeye kila siku.

Machozi ya Japani

Scola hakuondoka. Mwaka wa 2021, akiwa na miaka 41, alivaa jezi tena katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ambayo ilikuwa imecheleweshwa mwaka mzima na ugonjwa wa korona. Ilikuwa Olimpiki yake ya tano.

Safari hii mambo hayakwenda vizuri. Argentina ilishindwa na Slovenia, ikashindwa na Uhispania, kisha ikawapiga wenyeji Japani 97 kwa 77. Katika ushindi huo pekee, Scola alifunga pointi 23. Siku mbili baadaye, Agosti 3, wakakutana na Australia katika robo fainali na kucharazwa 97 kwa 59.

Pambano lilipobakisha chini ya dakika moja, kocha alimtoa Scola. Hapo mchezo ukasimama. Wachezaji wenzake walipiga makofi, na Waaustralia nao wakapiga makofi. Yule mzee alikaa benchi huku machozi yakimtoka. Hivyo ndivyo ilivyokwisha kazi ya miaka mingi na timu yake ya taifa.

Je, alikosea kwenda Tokyo? Anayemtetea atakwambia kwamba bila zile pointi 23 huenda Argentina ingerudi nyumbani bila ushindi hata mmoja. Anayempinga atakwambia kwamba timu iliyoshindwa mara tatu kati ya nne ilihitaji damu changa. Tarakimu ni zile zile. Kila mmoja anazisoma kwa miwani yake.

Baada ya mzee kuondoka

Watu wengi hufikiri kwamba mkongwe akiondoka ndipo ukweli hujulikana. Tazama basi kilichotokea. Mwaka wa 2022, bila Scola, Argentina ilikwenda Brazil na kutwaa ubingwa wa mabara ya Amerika kwa kuwapiga wenyeji hao 75 kwa 73 katika fainali. Vijana waliokuwa wakimsikiliza Scola kule Uchina, kama Facundo Campazzo na Gabriel Deck, ndio sasa walioongoza. Waliosema kwamba timu haiwezi kuishi bila mzee waliaibika.

Lakini hata miezi sita haikupita. Mapema mwaka wa 2023, Argentina ilishindwa nyumbani kwao na Jamhuri ya Dominika na kukosa tiketi ya Kombe la Dunia la mwaka huo. Baadaye ikakosa pia Olimpiki ya Paris ya 2024. Waliosema kwamba mzee ndiye aliyekuwa akiwazuia vijana nao wakaaibika.

Somo ni kwamba mtu mmoja, awe mzee au kijana, si dawa ya kila ugonjwa. Timu inayoweka kila kitu juu ya mabega ya mkongwe imeacha kujenga. Timu inayomfukuza mkongwe ikidhani imejijenga imejidanganya.

Nishani sita, dakika sifuri

Tusidhani kwamba jambo hili ni la wanaume peke yao. Mwaka wa 2024 Marekani ilipotangaza timu yake ya wanawake ya kwenda Paris, kulizuka mjadala mkali. Ndani ya orodha kulikuwa na Diana Taurasi, mwenye umri wa miaka 42, aliyekuwa ameshashinda nishani tano za dhahabu za Olimpiki mfululizo tangu Athens 2004. Nje ya orodha alikuwa Caitlin Clark, msichana wa miaka 22 aliyekuwa akijaza viwanja vya mchezo huo kila alikokwenda. Ni ile ile kesi ya watu wawili nje ya mlango.

Marekani ilishinda. Iliwapiga Wafaransa kwa tofauti ya pointi moja tu, 67 kwa 66, na Taurasi akawa mchezaji wa kwanza wa vikapu kupata nishani sita za dhahabu za Olimpiki. Lakini katika fainali hiyo hakuingia uwanjani hata dakika moja. Alikuwa ameanza mashindano miongoni mwa watano wa kwanza, kisha akarudishwa benchi. Mwezi wa Februari mwaka wa 2025 alitangaza kwamba ameuacha mchezo.

Utauliza, je, jezi hiyo ilipotea bure? Sidhani kuna mtu anayeweza kujibu kwa uhakika asiyekuwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Lakini tunaweza kusema hili: mkongwe anayekubali kukaa benchi katika fainali, akawashangilia walio wadogo kwake kwa miaka 15, ni tofauti sana na mkongwe anayenuna na kuvuruga timu kwa sababu ametolewa. Wa kwanza ni hazina. Wa pili ni mzigo, hata kama bado anafunga.

Tukirudi kwetu

Hapa Kenya swali hili lina uzito wake. Mwaka wa 1993 ubingwa wa Afrika wa wanaume ulichezewa hapa hapa Nairobi. Baada ya hapo, timu yetu ya wanaume haikuonekana tena katika mashindano hayo kwa miaka 28. Ilirejea mwaka wa 2021 kule Kigali, ikisaidiwa na ushindi wa kukumbukwa dhidi ya Angola jijini Yaoundé, 74 kwa 73, pale Tylor Ongwae alipofunga kikapu cha mwisho muda ukimalizika.

Hebu fikiri kuhusu miaka hiyo 28. Katika kikosi cha Kigali hapakuwa na mtu aliyecheza yale mashindano ya Nairobi. Hata aliyekuwa chipukizi wakati huo alikuwa amepita miaka 40. Maana yake ni kwamba hakukuwa na mchezaji wa kumwambia kijana usiku wa kuamkia pambano, "Usiogope, mimi nimewahi kupita hapa." Ule uzi uliokuwa ukifunga kizazi na kizazi ulikuwa umekatika.

Hii ndiyo sababu nchi kama yetu haiwezi kuiga tu wanavyofanya Wamarekani. Wao wana wakongwe hadi wa kumwaga. Sisi tukipata mmoja aliyewahi kuyaona mashindano makubwa, tunapaswa kufikiri mara mbili kabla ya kumwambia akae nyumbani.

Lakini pia kumtumia mkongwe si lazima umvishe jezi. Tazameni majirani zetu wa Sudan Kusini. Luol Deng, aliyecheza NBA kwa miaka mingi, alitundika viatu mwaka wa 2019 na akachukua uongozi wa chama cha mpira wa vikapu cha nchi hiyo. Hakuichezea timu yao ya taifa hata pambano moja. Hata hivyo, mwaka wa 2023 Sudan Kusini ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza na kujipatia tiketi ya Olimpiki ya Paris. Pale Kigali mwaka wa 2021, ni hao hao waliotutoa kwa pointi 2 tu. Scola mwenyewe, alipomaliza, alikwenda Italia kuongoza klabu ya Varese.

Maswali matatu

Turudi basi mlangoni, kocha. Wale wawili bado wanangoja. Kwa maoni yangu, yako maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kutoa ile jezi.

La kwanza: huyu mkongwe anafanya nini leo, mazoezini, mbele ya macho yako? Usiniambie alichofanya miaka 15 iliyopita. Mcheza kwao hutuzwa, ni kweli, lakini tuzo ni jambo moja na jezi ni jambo jingine. Kama taifa linataka kumshukuru, limwandalie sherehe, limpe nishani, liuite uwanja kwa jina lake. Jezi ni kazi ya leo.

La pili: atakubali kazi ndogo? Je, ukimpa dakika tano badala ya 30, atazicheza hizo tano kwa moyo wote, ama atakwenda kulalamika kwa waandishi wa habari?

La tatu: kuna kijana anayejifunza kitu kutoka kwake? Mkongwe anayeondoka na siri zake zote ameichezea nafsi yake. Mkongwe anayewaachia vijana ujuzi wake huendelea kucheza hata baada ya kuondoka.

Akiyapita yote matatu, mpe jezi, hata akiwa na miaka 41, na usiogope maneno ya watu. Akishindwa hata na moja, mpe kijana. Na wakilingana kabisa, bado ningempa kijana, kwa kuwa ujuzi atakaoupata utaitumikia timu kwa miaka 10 mingine, ilhali wa mzee unakaribia kuondoka naye.

Kisha ukumbuke jambo moja ambalo makocha wengi hulikimbia: mwambie mwenyewe. Mwite kando, mapema, mkiwa wawili, umtazame machoni na umweleze. Usimwache alisikie redioni jina lake halimo. Mtu aliyevunjika vidole na kuumia magoti kwa ajili ya nchi yake anastahili angalau heshima hiyo.

Na usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya uwanjani tu. Huenda wewe ni mzee uliyeanzisha duka na sasa mwanao anataka kushika funguo. Huenda ni mwalimu wa kwaya ambaye sauti imeanza kukatika. Au huenda wewe ni kijana unayengoja nje ya mlango, ukijiuliza yule mzee ataondoka lini. Kama ni mzee, jiulize yale maswali matatu kabla hujaulizwa na wengine. Kama ni kijana, usimwombee mzee aanguke. Kaa karibu naye ungali na nafasi, umuulize alijuaje mpira utaangukia wapi.